Ni Kutoa Meno Tu

Soweto East, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 2 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Celine,

Pokea salamu zetu za hapa nyumbani. Hujambo? Mgongo umepona, au bado wanakupandisha ngazi na zulia begani? Fahima, aliyekuja nyumbani kutoka huko kwenu Saudia, ametuambia umekonda kidogo lakini unacheka kama zamani. La kucheka nimeliamini. La kukonda nitaliamini nikikuona. Sisi huku ni wazima. Mwanao Osewe ni mzima pia, na ninapoandika amelala chali kwenye mkeka, soksi moja imemtoka, nyingine ameishika mkononi.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu unapewa Ijumaa tu, tena kwa muda mfupi, na habari hii haienei kwenye ujumbe. Fahima anarudi Dammam wiki hii na ameahidi kukupa barua mwenyewe. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini safari hii nimeuogopa ujumbe mfupi.

Mwezi uliopita Osewe aliugua. Chris wako alikuambia nusu, nami nikaacha ibaki nusu mpaka nijue mwisho wake. Sasa naujua.

Ilianza kwa joto. Kesho yake akakataa chupa: aliivuta mara moja, akalia, akaitupa. Udenda ulimtoka mpaka fulana ikalowa. Nilidhani ni meno, kama ulivyodhani wewe. Nilipomwogesha ndipo nikaona malengelenge madogo kwenye viganja na nyayo. Ndani ya mdomo, ulimi na mashavu vilikuwa na vidonda vyekundu, na ufizi umevimba.

Nikampeleka zahanati. Daktari aliyemwona anaitwa Nzuki, msichana mdogo kuliko wewe, ambaye hazungumzi kwa haraka. Alisema ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Huletwa na virusi, huambukizana kwa watoto wanaocheza pamoja, na kwa kawaida huisha wenyewe. Alimpima uzito, akanipa dawa ya maji ya kupunguza maumivu na joto. Akanionya kwamba hatari kubwa iko kwenye kiu. Mtoto anayeumwa mdomo hanywi, asiyekunywa hukauka. Nepi ikikaa kavu kwa muda mrefu, au akilegea, nirudi mbio.

Basi nikawa mtu wa nepi. Chupa tuliiweka kando kwa sababu kuinyonya kulimuuma, tukamnywesha kwa kijiko: kwanza dawa, tunangoja maumivu yapungue, halafu maziwa. Uji niliupoza kwenye beseni la maji. Immaculate, jirani wa ghorofa ya chini anayewauzia watoto wa shule barafu za ukwaju, aligandisha maziwa kwenye vikombe vyake, nikawa namkwangulia kidogo kidogo. Ule ubaridi ulimtuliza. Alikuwa analia na kumeza, analia na kumeza.

Sasa nakuja kwa Chris. Usimkasirikie kabla hujamaliza ukurasa huu.

Alikuwa amekuandikia kwamba mdomo wa mtoto umefura na hataki kula. Ijumaa ile ukamjibu kwa mstari mmoja. Kesho yake akaja kumchukua Osewe akamsalimie nyanya yake Kawangware, na kwa kuwa joto lilikuwa limeshuka, nikakubali. Nikampa dawa na kijiko, nikamweleza. Ujumbe wako hakunionyesha.

Kabla ya saa sita akanipigia. "Shem," akasema, "Celine alisema yatolewe yote ama ya juu tu?"

Nikamuuliza yepi.

"Si ni meno. Ya plastiki. Tuko hapa kwa huyu mama, anangoja wewe tu."

Unajua imani hiyo ilivyo kwetu. Mtoto akishikwa na joto au akiharisha, na ufizi uonekane na kitu cheupe ndani, watu husema ana meno ya plastiki yanayomla, na hutafutwa mwanamke wa kuyachokoa kwa spoki ya baiskeli. Nilimwambia Chris mtu yeyote asiguse mdomo wa mtoto mpaka nifike. Nikapanda bodaboda.

Niliwakuta Kawangware, karibu na kituo cha 46, nyuma ya ploti ya nyumba za kupanga. Kulikuwa na sufuria ya maji moto juu ya jiko, spoki ndani yake, na kisahani cha chumvi. Osewe alikuwa kwenye mapaja ya Mama Chris, amefungwa shuka na kuvishwa soksi juani, kimya. Kile kimya sikukipenda.

Nilimwomba Chris asome ujumbe wako kwa sauti. Akasoma: "Ni kutoa meno tu, msiogope."

Mama Chris akaniangalia. "Aoko, mwenye mtoto ameshasema. Wewe ni nani?"

"Mwenye mtoto amesema mtoto anatoa meno," nikamjibu. "Hakusema atolewe."

"Kutoa ni kutoa."

Hapo kila jirani akawa na lake. Mmoja alisema mtoto wa dadake alitolewa na akapona siku hiyo hiyo, mwingine akamkumbusha kwamba mtoto huyo alizikwa, wakaanza kubishana ni yupi. Mama Chris alisema Chris naye alitolewa akiwa mdogo hivi, na huyu hapa, si amekuwa mwanamume? Chris akafunga mdomo kuficha lile pengo la pembeni ambalo wewe humtania nalo.

Nikavua soksi za mtoto.

"Mama," nikamwambia Mama Chris, "na haya ya kwenye nyayo, nayo ni meno?"

Mama wa spoki ndiye aliyesogea kwanza. Alishika mguu, akageuza unyayo, akafungua viganja kimoja kimoja, akabonyeza lengelenge moja taratibu. Kisha akaitoa spoki, akaifuta, akaifunga kwenye kitambaa chake.

"Hii si kazi yangu," akasema. "Mpelekeni hospitali. Akifia hapa mtasema ni mimi."

Niliifungua nepi: ilikuwa kavu, ile ile niliyomvisha asubuhi. Kwa vile waliamini kinachomuuma ni meno, na meno yangetolewa, hakuna aliyehangaika na kijiko.

Chris alimbeba mpaka zahanati bila kunikabidhi hata mara moja. Nzuki alimpa dawa ya maumivu, akatukalisha kwenye benchi na kikombe cha maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, akasema hatuondoki mpaka akojoe. Asipokojoa atamwandikia kulazwa. Chris ndiye aliyeshika kijiko. Kijiko kimoja, anafuta kidevu, kingine. Osewe akitema, anaanza upya. Mwanamume yule ambaye hawezi kungoja chai ipoe alikaa pale mchana kutwa. Jua lilipofika upande wa pili wa benchi, Osewe alikojoa, na kwa kuwa Chris alikuwa amelegeza nepi kila mara kuchungulia, yote yaliishia kwenye suruali yake ya kazi.

Kabla hatujatoka Nzuki alimwonyesha Chris vile vyeupe kwenye ufizi. Akamwambia hayo ndiyo meno ya mtoto mwenyewe, bado hayajatokeza. Akichokolewa hupoteza hayo na huenda akaharibikiwa na yale ya ukubwani, mbali na damu na uchafu wa chuma. Halafu akamwomba Chris afungue mdomo wake. Chris akafungua. Nzuki aliangalia lile pengo, akatuaga.

Wiki iliyofuata vidonda vilikauka, ngozi ya vidole ikababuka kidogo, kisha akarudi kwenye chupa kana kwamba hawakuwahi kugombana. Chris anakuja kila jioni akitoka kazini mjengoni. Mama Chris naye alikuja juzi na dagaa wa omena, akaomba kuangalia mdomo. Nilimpa mtoto, nikasimama karibu. Bado anaamini meno ya plastiki yapo duniani, ila si kwa Osewe. Hilo linanitosha.

Sikuandikii ili ujilaumu. Ulipokuwa unaandika mstari ule simu ilikuwa inadaiwa na wenye nyumba, na ulichoandika ndivyo sisi sote tunavyosema hapa. Nilipomsimulia Fahima, aliyesomea Mombasa, alicheka kwanza. Akasema kule wao husema mtoto anaota meno. "Na meno huota yenyewe," akasema, "hakuna mtu wa kukuotea." Basi, Ijumaa ukipata simu, tuma sauti yako. Ukilazimika kuandika, andika hivyo.

Nina la mwisho. Alhamisi nilikuwa namlisha uji, kijiko kikagonga kitu. Nikanawa, nikapitisha kidole ufizini, akaniuma. Liko chini, mbele, upande wa kushoto. Chris alitaka kukutumia ujumbe pale pale, nikamzuia, kwa sababu safari hii nilitaka neno liandikwe polepole na lifike lilivyo: Osewe ameota jino.

Mama Chris anakusalimu, na Immaculate, na Mabrouka mamake Fahima, ambaye amefungasha tambi za kukaanga ndani ya mzigo wa bintiye; usiwaachie wenye nyumba. Chris anasema ana lake la kukuambia, lakini atalisema kwa mdomo.

Mungu akulinde kwenye nyumba za watu, akurudishe kwenye yako.

Ni mimi dadako, nikupendaye na ninayekulelea mwanao,

Aoko