Beseni la Shangazi Mwanamvua

Shoga, Shangazi Mwanamvua ataniua kwa aibu.

Si leo kulikuwa na shindano la kuokota taka ufukweni Katonga? Mshindi anapewa mbuzi. Yeye kachelewa, kakuta ufukwe mweupe pee, wenzake wameshamaliza.

Na unajua hasemagi uongo. Karudi nyumbani Rusimbi, kabeba taka zake mwenyewe, karudi nazo ufukweni, kazimwaga mchangani, KISHA akaanza kuziokota!!

Gunia lake likazidi yote. Erasto, yule bwana afya, akamuuliza, "Mama, umeziokota wapi?"

"Hapahapa ufukweni, wallahi."

Erasto akachomoa guniani beseni lililopasuka. Lile la kwenda nalo shughulini, shangazi kaliandika jina lake kwa rangi nyekundu lisipotee. MWANAMVUA. Erasto kalisoma kwenye kipaza sauti!!

"Nani alilitupa?"

Shangazi: "Mimi."

Eti Erasto: "Miaka yote nauliza nani anachafua ziwa, huyu ndiye wa kwanza kukubali. Mpeni mbuzi."

Weee! Watu walivyosukumana! "Mimi nilitupa pampasi!" "Mimi nyavu mbovu!" "Mimi godoro!"

Erasto akauliza, "Sasa vyote hivyo viko wapi?"

Shoga, ufukwe mzima ukanyoosha vidole ziwani.