Alivyohukumu Jaji Wetherall

Doha, Industrial Area
3 Machi 2009

Baba yangu,

Shikamoo. Mwili mzima, roho ndiyo haina raha. Mama mguu wake unaendeleaje?

Baba, limenikuta. Nikirudisha basi la kampuni nilimgonga Abubakari, yule kijana wa Mombasa ninayelala naye chumba kimoja. Alikatiza mbele yangu, wallahi sikumuona. Amefariki. Polisi wameniachia kwa dhamana, pasi wameizuia. Kaka yake, Khalfan, anakaa mtaa wa Najma hapa hapa Doha, na matanga yako kwake. Nataka niende nikampe mkono, nimwombe radhi, lakini naogopa kesi. Wewe umefanya kazi mahakamani. Barua hii anakuletea Arafa, mwenzangu wa kazini; nipigie kwa simu yake, au mpe jibu, anarudi huku karibuni.

Mwanao,
Vuai

Makunduchi
6 Machi 2009

Mwanangu Vuai,

Marahaba. Mguu wa mama yako haujambo, sasa presha ndiyo imempanda kwa habari zako. Mungu amrehemu marehemu.

Usiende! Unanisikia? Mimi zama za Waingereza nilikuwa mkalimani wa Jaji Wetherall, tangu alipoletwa kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, mpaka Malkia wao alipompa cheo cha Sir, akarudi kwao. Hakuwa mla rushwa, simsingizii. Hata embe ya zawadi akiirudisha. Lakini kwake mtu akiomba radhi basi amekiri. Ame wa Muyuni, jirani yake alikutwa amekufa shambani kwa huyo Ame. Ame akaenda kwa wafiwa kuomba radhi, kama tufanyavyo. Nikamweleza Jaji kuwa hiyo ni adabu yetu. Akaniambia, "Kazi yako kutafsiri." Ame alinyongwa. Funga mdomo, mwanangu.

Baba yako

Doha
30 Agosti 2009

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka jela. Afya si mbaya.

Nilifanya ulivyosema. Jaji wa hapa, mtu mzima wa Kiarabu, alimuuliza Khalfan kama ananisamehe, maana mfiwa akisamehe, adhabu hupungua. Khalfan akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Nimsamehe vipi asiyeniomba? Kalala chumba kimoja na ndugu yangu, na matangani sikumuona."

Miaka miwili, Baba. Nilitaka kumwomba pale pale, nikakumbuka ulisema nifunge mdomo.

Mwanao

Makunduchi
19 Novemba 2009

Mwanangu,

Sijui nikuulize nini cha afya. Nimelia.

Nimemwandikia Khalfan mara mbili, kimya. Sasa nakwenda mwenyewe Mombasa kwa mama yao, na uzee wangu huu. Mama yako ananifungia nguo huku hasemi nami. Nitamwambia mama wa watu kwamba wewe ulitaka kuja, mimi ndiye niliyekukataza. Nilimsikiliza Wetherall miaka yote ile, nikadhani kila jaji ni yeye.

Niombee anifungulie mlango.

Baba yako