Bati la Shangazi Purising

Virac, Catanduanes
30 Oktoba

Mpendwa binamu yangu Arsenio,

Hujambo huko Doha? Mgongo umepoa? Sisi wazima, ingawa upepo umenyamaza ghafla tangu asubuhi na mbwa wote wamehama vibarazani. Mimi afya tele, hata mvi zinaniogopa.

Nikimaliza barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu, maana mnara bado uko hai. Kimbunga kinafika alfajiri.

Mashine yako ya kukazia skrubu, ile zawadi ya Doha, ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama yako, Shangazi Purising. Mimi nilikuwa kazini Legazpi. Unajua desturi yetu: nyumba ya mmoja huezekwa na wote, malipo ni chakula na tuba, tembo letu la mnazi. Basi kila jirani alitaka kuishika mashine ya Doha. "Berting, usiwe mchoyo, niachie na mimi!" "Kaza mpaka ilie!" Wakakaza, ikalia kweli.

Ndugu yangu, mimi nimeezeka visiwa vinne na jumba la tajiri mmoja Riyadh, nisikilize. Mashine hiyo hukaza kwa kugonga, ni ya boriti nene. Bati linataka drili yenye pete ya kupunguza nguvu, nawe unasimama pale washa, kile kipete cha mpira chini ya kichwa cha skrubu, inapotuna kidogo tu. Majirani hawa wameziponda washa kama fenesi lililotafunwa, na mbao ndani zimelika. Jana nimepanda, skrubu nikazing'oa kwa vidole viwili, kama jino la mtoto.

Nikaanza kuzibadilisha kwa skrubu nene. Upande mmoja haujaisha, betri ya drili yangu ikafa, na umeme wameshaukata kisiwa kizima. Nimefunga kamba juu ya paa. Kamba hiyo ni ya kujipa moyo tu.

Watu wote wamehamia shuleni. Mama yako amegoma. Nilipombembeleza akanicheka: "We Santing, mwanangu kaleta mashine, wewe una nini? Bisibisi na domo!" Kisha akashika rozari yake, akasema taratibu: "Nikiikimbia nyumba hii, Arsenio atajua zawadi yake siiamini."

Hapo nikatoa kalamu, nikaanza kukuandikia.

Zawadi yako haina kosa, Nio, mikono ndiyo iliyokosea. Lakini hilo hatalisikia kwangu. Mpigie wewe, sasa hivi. Mwambie atoke. Mimi nimeketi kwenye ngazi yake, pikipiki iko tayari. Akikataa, basi tutakuwa wawili chini ya bati hili, maana simwachi.

Marilou wangu na watoto wako shuleni, wanakusalimu. Nisalimie mkeo Fe, na bwana Onofre wa chumba cha pili. Mungu atufunike wote kwa paa lake, lile lisilohitaji skrubu.

Ni mimi, nikupendaye hata nikikutania,
Santing

Bati limeanza kuchezacheza. Piga.