Mizani ya Kahawa Shuleni

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeapa kuandika yote humu, hata yanayonitia aibu. Hasomi mtu.

Programu ya afya imeanza shuleni kwetu. Mazoezi, matunda, kupimwa uzito. Shule haina mizani, kwa hiyo Mwalimu Valerian ameazima ile kubwa ya chama cha ushirika, ya kupimia kahawa. Tukapanga foleni uwanjani. Naye akawa anasoma kilo kwa sauti, kama karani wa kahawa! Alipopanda rafiki yangu Mektrida, akatangaza: "Sitini na nane!" Antoni akadakia, "Gunia na debe juu!" Kicheko darasa zima. Mektrida akashuka, akachukua mkoba, akaenda kwao. Hakulia. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Jumanne, 7 Oktoba

Hakuja.

Jumatano, 8 Oktoba

Hakuja tena. Jioni nilipitia kwao. Bibi yake alikuwa anakatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, nikauliza. Anasema Mektrida hali hata kiburu, na yeye kwa kiburu cha ndizi na maharage humwambii kitu! Jumamosi hii anashuka Moshi kwa shangazi yake, akasome huko Pasua. Moja kwa moja.

Nimemuuliza baba kwa nini karani husoma kilo kwa sauti. Ili mkulima asikie, asipunjwe. Ukiona wananong'ona, ujue unaibiwa. Kumbe! Basi mwalimu hakuwa na nia mbaya. Lakini sisi siyo kahawa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amekuja Dada Raya kutoka ofisi za wilaya, Bomang'ombe. Anakusanya maoni ya watoto: tunataka programu hii ituletee nini? Primus akasema mpira wa kweli, siyo wa makaratasi. Grace akasema maji ya bomba, maana kula matunda bila kunawa mikono ni kujitafutia tumbo. Antoni: "Nyama kila Ijumaa!" Hata Dada Raya alicheka.

Mwalimu Valerian alikuwa amesimama mlangoni. Nikanyanyuka. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri — yote yakapotea! Nikasema tu: "Mimi nataka Mektrida arudi."

Dada Raya akauliza ni nani huyo. Nikamweleza. Kwenye rede hakuna anayerusha mpira kama yeye. Sasa yuko ndani, hachezi, hali. Kama hii ni programu ya afya, imemsaidia nini? Nikaomba tupimwe mmoja mmoja, ofisini, na kilo za mtu abaki nazo mwenyewe.

Nilidhani nimekwisha. Mwalimu akavua kofia. Akasema alitaka kila mtu asikie, asitokee wa kunung'unika. "Mazoea ya kupima kahawa chamani, wanangu. Nimekosea."

Amekosea, kasema mwenyewe! Nilijisikia kama nimetua ndoo ya maji kichwani. Tukitoka, Antoni akanong'ona kwamba hata yeye alizidisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya vipindi tumekwenda kwa kina Mektrida — mwalimu, Antoni na mimi. Mwalimu alishika jani la isale, lililofungwa fundo, kama wazee wanapokwenda kuomba msamaha. Bibi akashika kiuno. "Mwalimu! Isale kwa mtoto?" Akajibu: "Aliyekosewa ni mtoto, mama."

Isale halikataliwi. Mektrida akalipokea kwa mikono miwili. Antoni akasema samahani huku akitazama viatu vyake.

"Gunia limekusikia," Mektrida akamjibu.

Tukacheka wote, yeye wa kwanza! Siku nne sijasikia kicheko kile. Njiani nilirudi nikirukaruka kama mtoto wa chekechea.

Lakini begi la Pasua bado lipo pale mlangoni, limefungwa. Nililiona. Sikuthubutu kuuliza mbele ya watu.

Mama anafuata maziwa kwa bibi yake Mektrida sasa hivi, tayari yuko getini ananiita. Nimeandika kikaratasi, na nitamwomba asirudi bila jibu: Mektrida, Jumatatu urushe wewe, au mpira nimpe Grace?