Nilizima Maiki Shangazi Akiniombea

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia, maana barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimejikuta najitetea.

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti kanisani kwetu, mwaka wa tisa huu, ndiye ninayefika wa kwanza kufunga spika na kutandaza nyaya na ndiye ninayetoka wa mwisho, kwa hiyo ukiwauliza waumini watakuambia hakuna anayempenda Mungu kama mimi, lakini ukweli ni kwamba sijaomba tangu sijui lini, kwa sababu wenzangu wakifumba macho mimi lazima niyakodoe kwenye taa za mashine, spika isije ikapiga mluzi katikati ya toba za watu, na mahubiri nayasikia kwa besi kuzidi au kupungua tu, ukiniuliza mchungaji kahubiri nini nitakuambia alikuwa na mafua. Sikugombana na Mungu, mshauri, wala sikuingia ulevi, nilipoa tu kidogo kidogo kama chai iliyosahauliwa mezani, hadi mke wangu akaniambia, "Baba nanii, wewe ni mlango wa kanisa, unaingiza wenzako, mwenyewe unabaki pale pale," nikacheka, ila kicheko hakikufika tumboni.

Sasa kuna utaratibu tunaoujua mimi na mchungaji tu: mtu akisimama kuomba au kutoa ushuhuda akarefusha mno, mchungaji hugusa kola ya shati lake, nami nateremsha sauti taratibu hadi ikatike, kisha nainuka kushikashika nyaya kwa uso wa huruma, msemaji anaambiwa, "Maiki imesumbua, mpendwa," anakaa bila kuaibika, na Bwana anatukuzwa kwa muda uliopangwa.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea wazazi wangu walipofariki, na ndiye huongoza maombi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mama wa miaka sabini na mbili, magoti mabovu, sauti nyembamba isiyofika benchi la tatu bila mitambo. Miezi miwili iliyopita alishika maiki akaombea wagonjwa, akaombea wasafiri, kisha akasema, "Na huyu mwanangu, Bwana, aliye humu kila Jumapili na hayumo, anayetusikilizisha sote na yeye hasikii..." na hapo, mshauri, mkono wangu ukateremsha kitufe kabla akili haijauliza, na mchungaji hakuwa amegusa kola wala nini. Midomo ya shangazi iliendelea kwenda kama dakika nzima, macho kafumba, hajui, hadi mzee wa kanisa akamshika bega, "Mama, hausikiki." Ibada ilipokwisha mchungaji akanipongeza, "Umeniwahi, alikuwa anaelekea kurefusha," nikatamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo shangazi haongozi maombi. Nilimfuata kwake nikamkuta anachambua mchele, nikamuuliza mbona zamu yake kampa mwingine, akasema, "Baba, nimeomba miaka arobaini maiki haijanikatikia. Nilipokutaja wewe tu, ikakatika. Kama Mungu hataki nikuombee, mimi ni nani nibishane naye?" Nikamwambia waya ulilegea, akanitazama, "Na waya ni wa nani?" Siku hizi hata chakula hakiombei, anaitazama sahani kidogo halafu anaanza kula, na mimi niliyekaa miaka bila kuomba sasa ndiyo natamani, napiga magoti kwenye stoo ya spika, neno halitoki, naona ile midomo tu. Nimrudieje Mungu, mshauri? Nifunge siku ngapi? Au nihame kanisa nianze upya wasikonijua? Shangazi nikimwambia nahofia atavunjika.

Ni mimi, Fundi wa Sauti


Fundi,

Nimekusoma hadi mwisho. Sasa niache nikukasirikie.

La kupoa nakuonea huruma, na hauko peke yako. Mpishi wa arusi hulala na njaa, na nyumba za ibada zimejaa watu wa namna yako: anayefagia, anayepiga kinanda, anayepanga viti, na mara nyingine hata anayehubiri. Hilo lina dawa. Lakini usinichanganyie mambo mawili. Kupoa ni jambo moja. Kumziba mdomo mwanamke aliyekulea, kisha ukanyamaza Mungu abebe lawama, ni jambo jingine kabisa. "Mkono wangu ukateremsha kitufe," unaandika. Mkono wa nani, wa jirani?

Mwanzo aliyepotea alikuwa mmoja. Sasa mko wawili, na mwenzako hakupotea, amepotezwa. Halafu unaniuliza ufunge siku ngapi! Hata moja. Njaa yako itamfaa nini mama aliyekaa mbele ya sahani hana la kusema? Na kuhama usinitajie: huko nako kuna mitambo, Jumapili ya pili watakukalisha kwenye vitufe vile vile.

Unahofia atavunjika. Kwani sasa ni mzima? Kujua kwamba mtoto aliyemlea ni mwoga, hilo ataliweza, na nadhani analijua tangu ukiwa na miaka saba. Asiloliweza ni kuondoka duniani akiamini Mungu alimkatia maneno.

Kwa hiyo nenda kwake kabla ya Jumapili. Nenda mchana, peke yako, mkeo asiwe ngao. Usibebe sukari wala kitenge, maana zawadi ya namna hiyo ni kujitetea kulikofungwa kwenye karatasi. Kaa chini kuliko kiti chake, useme: "Shangazi, maiki haikukatika. Niliikata mimi, kwa sababu ulinitaja na niliogopa." Kisha funga mdomo. Usiingize mchungaji, usiingize kazi, na waya usiutaje kabisa. Anaweza kulia, anaweza kukutukana matusi ambayo hukujua mama wa maombi anayajua. Akikufukuza, ondoka. Kesho yake rudi.

Ukitoka hapo, mwone mchungaji. Mwambie hutakatia mtu tena. Akitaka watu wafupishe, Mungu amempa mdomo, awaambie. Akikunyang'anya mitambo, mshukuru. Asipokunyang'anya, mkabidhi mtu mwingine mwezi mzima, wewe kakae benchi, mikono mitupu, katikati ya watu. Utasikia spika inavuma na utawashwa kuinuka. Usiinuke. Sikiliza kinachosemwa, hata kama mchungaji bado ana mafua.

Mwisho ni huu, na ndio utakaokuwa mgumu. Kila ukila kwa shangazi yako, omba wewe. Kwa sauti, mbele yake, umtaje yeye. Najua utababaika kama mtoto wa darasa la kwanza. Usingoje maneno mazuri, sema yaliyopo, ukikwama rudia. Usimwombe akusaidie, wala usimtazame kuona kama amefurahi. Wiki za mwanzo ataitazama sahani tu, kisha ataanza kula. Vumilia. Mwanamke aliyeomba miaka arobaini hawezi kukaa siku zote akisikiliza mtu anaharibu sala. Iko siku atashindwa kuvumilia atakurekebisha neno, na hapo ujue ameanza tena kuomba.