Kadi Aliyoichomoa Koku

Chunya, Jumapili

Mdogo wangu Mugisha,

Natumaini mnaendelea vizuri hapo Kanazi, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni sina raha.

Umeniomba niandike katika taarifa ya mgodi kwamba kadi iliungua yenyewe, ili binti yako Koku asifukuzwe kazi. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenibembeleza nikalegea.

Pampu zinazotoa maji mgodini huongozwa na kabati la umeme lenye kadi kumi za kielektroniki. Zote zimechomekwa kwenye ubao mmoja wa nyuma, zikitumia umeme uleule na njia ileile ya mawasiliano. Alhamisi kadi moja ilisumbua. Koku akaichomoa bila kuzima kabati. Kadi zote zikanyamaza, pampu zikasimama, na chini walikuwako watu sita.

"Koku, umefanya nini?" nilimuuliza.

"Baba mkubwa, si nimechomoa tu? Mbona flashi tunachomoa kompyuta ikiwaka!"

"Dada, hiyo si flashi," fundi wa zamu alimkemea. "Omba Mungu wenzetu wawahi ngazi."

Waliwahi. Wa mwisho alitoka akiwa amelowa hadi kifuani.

Nilimfokea Koku mbele ya wote. Nilimwambia kwamba USB imeundwa kwa vifaa vinavyokuja na kuondoka: ncha za umeme hugusa kwanza, za mawasiliano hufuata, kisha kompyuta hukitambua kifaa. Ubao wa kabati letu umeundwa kwa kadi zinazokaa. Huigusi hata moja kabla ya kuzima umeme.

Akanijibu taratibu, "Dukani kwako Bukoba tulichomoa kibodi na printa zikiwaka. Haya hukuniambia."

Ni kweli, Mugisha. Nilimkabidhi ufunguo wa kabati siku yake ya pili tu kazini hapa, nikiamini anajua kwa kuwa ufundi nilimfundisha mimi, kule dukani.

Kwa hiyo sikuandika uongo. Fundi mwingine akisoma kwamba kadi iliungua yenyewe, ataichomoa vilevile. Nimeandika kwamba Koku aliichomoa, na kwamba mimi, mkuu wake, sikumfundisha kuzima kabati kwanza. Kikao cha wakubwa wa mgodi kuhusu jambo hili ni kesho asubuhi. Ikiwa ni lazima mmoja wetu aondoke, nimeomba niwe mimi.

Nisalimie Mama, lakini haya usimweleze bado. Mwambie mkeo kwamba binti yake anakula, ingawa kidogo. Katekista, jirani yetu, naye mpe salamu zangu.

Koku ameisoma barua hii. Ameniomba nilifute ombi langu la kuondoka. Nimekataa.

Kaka yako,
Rwegasira