Picha ya gurudumu nusura imuue mjomba

Oya, kaka. Nusura nimuue mjomba.

Si unajua lile behewa la mizigo la zamani ninalolipima huku karakana ya reli anakofanya kazi mjomba, ili nitengeneze mfano wake mdogo? Gurudumu lilizuiwa kwa kabari ya mbao. Nikataka picha safi. Nikaitoa kabari.

Nimeitoa kwa mkono wangu mwenyewe, kaka.

Behewa likaanza kutembea. Taratibu, kimya kabisa. Na mjomba yuko mbele reli hiyohiyo, kalala chini ya behewa lingine anachomelea, miguu nje. Nampigia kelele, hasikii. Nikaitupa kabari chini ya gurudumu, ikateleza. Nikaitupa tena, ndo likasimama. Bado hatua tatu tu, lingeligonga lile lililo juu yake.

Akatoka, akavua miwani. "We mpwa, hilo si lilikuwa kule nyuma?"

Nikamwambia, "Lilikuwa hapahapa, mjomba."

Hapahapa. Nimemjibu hivyo bila hata kupepesa macho.

Akacheka, eti uzee unamsumbua. Akarudi kulala chini palepale.

Kaka, siwezi. Namvuta miguu atoke, nimwambie. Akinifukuza anifukuze.